Mbweha wa Kilele cha Barafu

Huko Uswidi, mlima mrefu kuliko yote ulikuwa na vilele viwili, kimoja cha barafu na kimoja cha mwamba. Kile cha barafu kilizidi kidogo, na Mbweha aliyekaa juu yake hakuacha kutamba.

"Wee Kware wa mwambani! Wa chini humwamkia wa juu!"

"Shikamoo, bwana mkubwa," Kware alisema kila asubuhi.

Kiangazi kimoja jua likawaka kweli kweli. Mbweha, akitaka asifiwe hadharani, akakusanya wanyama wote na kumwita Tai apime vilele.

"Atakayeshindwa atamwamkia mwenzake milele!" alipiga kelele huku akirukaruka, maji yakimtiririka miguuni asiyaone.

Tai akazunguka mara moja, akazunguka tena.

"Mwamba umezidi kwa shubiri!"

Vigelegele vikalipuka. Mbweha akamgeukia Kware, macho yamemtoka pima.

"Mwizi we! Umepanda lini?"

"Sijapanda popote. Ni wewe uliyekuwa ukiteremka kila siku, huku unatamba."

Mbweha akatazama miguu yake, imelowa chapachapa. Akamwinamia Kware.

"Shika... shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."