Mkono wa Kushoto wa Mwalimu

Miezi miwili Mwashamba alizunguka jiji akitafuta wa kumfundisha ngoma ya kwao. Mwishowe akaelekezwa kwa Mzee Ngoto, ghorofa ya nne. Alimkuta kitandani, upande wake wote wa kulia umepooza.

"Shikamoo, babu. Nilikuja kujifunza," alisema, akijuta kuja.

"Marahaba. Ivute hiyo ngoma iliyo uvunguni. Kaa hapa, unipe mgongo."

Kwa mkono wa kushoto mzee akampigia mdundo mgongoni, naye akaufuatisha kwenye ngozi ya ngoma. Alikosea, akarudia, viganja vikamwaka moto. Kufikia alasiri mdundo ulimtoka bila kusita.

"Nani mwingine anaujua?"

"Wote nimewazika. Ichukue, wanangu wataigeuza stuli. Ifunike na hii shuka, nje mvua."

"Kesho nitarudi, babu."

Mzee aligeukia ukutani.

Mwashamba alishuka ngazi amekumbatia ile ngoma ndefu, imeviringishwa shuka nyeupe. Majirani waliokuwa wakipiga soga wakanyamaza, wakajibana ukutani kumpisha. Mama mmoja akatua kikapu chake cha mboga, akainamisha kichwa.