Kopo Juu ya Mpera

"Hapa Rodi Kopany tupite tu, tukaanzie Homa Bay mjini," mwenzake wa biashara akamwambia Damaris. "Hakuna mwanafunzi atanunua intaneti yetu hapa."

Damaris alikuwa ameona kopo la plastiki likining'inia kwenye mpera, nyuma ya hosteli ya wanafunzi. Akaivuta kamba iliyolishikilia. Kopo likashuka na simu ndani, ikiwa ya moto, iliyopandishwa juu ishike mtandao na kuugawia hosteli nzima.

Dirisha la hosteli likafunguliwa, mwanafunzi akachungulia. "Madam, rudisha juu, net imepotea."

Akalirudisha kopo juu. Chini ya mpera nyasi zilikuwa zimelala kwa kukaliwa, kama zile za chuoni Rongo alikosoma, walipokuwa wakibanana wanafunzi sita kwenye bando moja la data, wakichekana.

"Mlingoti wa intaneti tunaweka hapa," akamwambia mwenzake, kisha akaketi kwenye zile nyasi, ambazo hivi karibuni, kila mtu akiwa na mtandao wake chumbani, hakuna atakayezikalia.