Breki za Salamu

Pikipiki ya Shebuge ingeweza kuvuta hata shule, ilimradi shule ifungwe magurudumu. Magari mabovu yote ya mji ule yalifika gereji yakiburutwa na kamba yake. Lakini siku hiyo, katikati ya mlima, klachi ilikuwa inafuka moshi, maana Bwana Ngwali, aliyeshika usukani wa gari lake bovu kule nyuma, alikanyaga breki kila alipomwona mtu anayemjua.

"Shemeji Tausi! Wajukuu hawajambo?"

Kamba ikakaza. Pikipiki ikasimama kwa gurudumu moja kama beberu.

"Achia breki, bwana we!" Shebuge alifoka. "Klachi ikiungua, wanangu watakula kamba?"

"Nimpite shemeji yangu kama mbwa? Hukufundwa kwenu? Vuta!" Na honi juu.

Mbele kidogo akakanyaga tena, akamuuliza kinyozi habari za mguu wake. Shebuge akazima injini. Alishuka, akafungua fundo, akaitundika kamba begani.

Ngwali alimaliza salamu, akainua mguu.

Gari likaanza kurudi nyuma polepole, mkono wake ukiwa bado nje ya dirisha, unapunga.