Mwanasesere wa Udongo

Jeneza dogo la binti yao lilikuwa wazi sebuleni. Gaspard, mbunge na bingwa wa mambo ya kale, alishindwa hata kuligusa. Mkewe Odile alikuja amemkumbatia mwanasesere wa mtoto.

"Mwekee," Gaspard alimwambia. "Asilale peke yake."

Odile hakumwekea. Alikuwa akitazama kabati la vioo, alimosimama mwanasesere wa udongo. Miaka iliyopita Gaspard alimfukua kwenye kaburi la mtoto wa kale, na nchi nzima ikampigia makofi.

"Wasomi wenzako hawatakuja siku moja kumfukua na kumnyang'anya?" Odile aliuliza.

Uso ukamshuka Gaspard. Alifungua kabati, akamtoa yule wa udongo, akabaki amemshika kama mtu aliyepewa mtoto mchanga na hajui amrudishe kwa nani.