Mtaa wa Saba

Liwali alipomaliza sambusa yake alifuta vidole kwenye daftari la mji, na Bi Mwanakheri, mtunzaji wa daftari hilo, akalivuta upande wake.

Mji huo ulikuwa makao ya wafalme tangu kale. Daftari lilitaja mitaa yake saba na majumbe walioitawala, na siku hiyo Bi Mwanakheri ndiye aliyetakiwa kuwasomea wageni waliojaa uwanjani.

"Ishia mtaa wa sita," Liwali alimnong'oneza. "Wa saba ni wa wazoa vinyesi. Utawatapisha wageni wangu."

"Hao ndio waliochimba mifereji, Bwana. Bila wao wafalme wangezama katika uchafu wao wenyewe."

"Ishia wa sita, ama kesho daftari litapata mtunzaji mwingine."

Bi Mwanakheri alilitazama doa la mafuta likitambaa juu ya majina ya mtaa wa saba. Miaka thelathini hakuwahi kuligusa daftari lile kabla ya kunawa mikono. Alisimama, akasoma hadi mtaa wa sita. Makofi yakalia, na Liwali akanyanyuka kushukuru.

"Mtaa wa saba," Bi Mwanakheri akaendelea kwa sauti kubwa zaidi, "ni wa wazoa vinyesi." Akawataja majumbe wake wote kumi na mmoja, bila haraka.

Wageni wa mbele wakaziba pua kwa leso, ingawa palinukia udi tu. Nyuma kabisa, juani, mwanamke mmoja aliyesikia jina la ukoo wake alisimama. Kisha akasimama mwingine.