Mkono wa Feliksi

Kila asubuhi ya kiangazi Otilia aliipaka mafuta glavu ya mumewe Feliksi, mchezaji wa kulipwa wa besiboli. Leo meneja wa timu aliingia bila hodi, akamrushia Feliksi mpira. Vidole viligoma kujikunja. Mpira ukapindua kikombe cha chai.

"Nilikuonya! Kipupwe kizima unalipwa kugongana na wale mafahali wa futiboli ya kuangushana, kiangazi unaniletea gogo badala ya mkono. Huna timu!"

Meneja alipotoka, Feliksi alimgeukia mkewe. "Na wewe umenyamaza tu? Hata pole huna?"

Otilia alifuta chai.

"Sina," alisema. "Siku ulipovunjika vidole kwenye futiboli yao nilimshukuru Mungu, Feliksi. Mimi kila mechi nilikuwa nangoja kwa hofu kuambiwa ni shingo."