Eda ya Nduaro

Siku hizi aina ya samaki ikitoweka baharini, mtaa humchagua mwanamke aliyeolewa aikalie eda, ndani, bila kutoka. Mwanakheri ndiyo kwanza alikuwa ametoka eda ya sulisuli, na harusi ya bintiye Salha ilikuwa wiki ijayo, mjumbe alipobisha hodi.

"Nduaro wa mwisho amekufa, Bi Mwanakheri. Pole."

"Yule wa pua kama upanga? Mimi nimechoka. Mpe Rukia!"

"Rukia anamkalia papa."

"Basi Zuhura."

"Ana jodari."

Salha alitoka jikoni akilia. "Tuiahirishe, mama. Siolewi huku umefungiwa ndani."

"Olewa! Ukiningoja utazeeka."

Mjumbe alimtazama Salha kutoka kichwani hadi miguuni.

"Aolewe upesi," alisema. "Kolekole nao wanakwisha, na sina mwanamke wa kuwakalia."